Nyasi bandia au ukoka? Kabla hatujapiga kura kuhusu kiwanja chetu cha Kigoma

Kamati yetu ya kiwanja imepata bahati ambayo haibishi hodi mara mbili. Mwenyeji wa Ujiji anayeishi ng'ambo yuko tayari kuchangia ukarabati wa kiwanja cha kata, na ametuachia swali moja tu: tunataka kapeti la nyasi bandia, au tunataka nyasi zenyewe zinazoota? Tumekaa vikao viwili bila kuelewana. Vijana karibu wote wanasema kapeti, wazee wamegawanyika. Mimi nafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 13 kwenye kiwanja hicho hicho, kwa hiyo nimeomba niyaandike ninayoyajua, ili kikao cha tatu tusije tukapiga kura kwa kuangalia picha za kwenye simu.

Nitaanzia mbali kidogo, Marekani, kwenye besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Mchezo huo hapa kwetu hauna wenyewe, lakini ndio ulioziingiza nyasi bandia katika michezo mikubwa, na kwa miaka 60 sasa timu za ligi moja zimekuwa zikichezea aina zote mbili, nyingine zikihama kutoka moja kwenda nyingine. Anayetaka kununua mtumbwi humuuliza aliyekwisha kuuvulia.

Mwaka 1965 mjini Houston, Texas, ulifunguliwa uwanja wa besiboli ulioezekwa wote, Astrodome. Chini walipanda nyasi za asili, juu wakaweka paneli angavu ili jua lipenye. Wachezaji wakalalamika: mpira ukienda juu, mwanga wa paa unawapofusha, hawauoni. Paneli zikapakwa rangi. Jua likazibika, nyasi zikafa, na msimu ukamaliziwa juu ya nyasi zilizokauka na udongo uliopakwa rangi ya kijani. Mwaka uliofuata, 1966, wakatandika zulia la nailoni lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, nalo likapewa jina la uwanja huo: AstroTurf. Shida iliyoleta nyasi bandia ilikuwa hiyo, jua kutofika chini.

Baadaye zikasambaa hata pasipo na paa. Miji mingi ilikuwa inajenga viwanja vya zege vya kuchezea besiboli na mpira wa Kimarekani kwa pamoja, na zulia lilivumilia kukanyagwa na wote wawili. Mwaka 1980 fainali ya ligi kuu, Philadelphia na Kansas City, ilichezwa yote juu ya nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 timu 10 kati ya 26 zilikuwa na zulia nyumbani kwao.

Kisha wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja. San Francisco walikuwa wamekwisha kung'oa zulia lao baada ya msimu wa 1978. Kansas City wakapanda nyasi mwaka 1995, St. Louis mwaka 1996. Houston wenyewe, walioanzisha jambo lote, walihamia uwanja mpya mwaka 2000, nao una nyasi za asili. Leo, katika timu 30 za ligi kuu, wenye viwanja vya nyasi bandia ni watano: Toronto, Tampa Bay, Arizona, Texas na Miami. Naomba kila mjumbe alishike hili: viwanja vyote vitano vina paa. Arizona walijaribu nyasi za asili kwa miaka 20, wakashindwa kwa sababu ili nyasi zipate jua ilibidi paa liachwe wazi mchana, na uwanja uliokaa wazi mchana kutwa kwenye jangwa haupoi kirahisi jioni watazamaji wanapoingia. Wakatandika bandia mwaka 2019. Miami na Texas wakafuata mwaka 2020.

Sisi Kigoma hatuna paa, na jua tunalo la kutosha na kubaki. Sababu ya kwanza ya kununua kapeti kwetu haipo. Zilizobaki ni nyingine, na baadhi ni za kweli, nitazifikia.

Joto

Miaka michache iliyopita tuliwapeleka watoto wetu Mwanza kwenye mashindano. Tukapangiwa mechi ya saa saba mchana kwenye kiwanja cha nyasi bandia. Watoto walifurahi mno. Walilala chali, wakazipapasa zile nyasi, wakapiga picha. Sita kati yao hawakuwa na njumu, walizoea kucheza peku, na hakuna mtu aliyetuonya. Haikufika dakika ya kumi, beki wetu wa kushoto akaanza kurukaruka kama anayekanyaga makaa. Nilimtoa. Akakaa chini, akaugeuza mguu: chini ya vidole palikuwa na malengelenge mawili, kila moja kubwa kama punje ya maharage. Niliinama nikabandika kiganja changu kwenye zile nyasi. Sikuweza kuhesabu hadi tano.

Jani hai lina maji ndani, na jua likilipiga hutoa mvuke unaolipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Plastiki haitoi jasho. Chini yake kuna chembe nyeusi za raba, nazo hunywa joto na kulitunza. Siku ya jua kali uso wa nyasi bandia hupita nyuzi 60, wakati ukoka uliokaa kando yake bado unakanyagika kwa mguu mtupu. Ukimwagia maji kapeti linapoa, lakini halichukui muda linarudi kule kule.

Wamarekani walikutana tena na jambo hili juzi tu. Timu ya Athletics ilipohamia Sacramento kwa muda kuanzia msimu wa 2025, kwenye kiwanja kidogo kisicho na paa, mpango wa awali ulikuwa kutandika bandia, kwa kuwa kiwanja kingetumiwa na timu mbili. Baadaye wakaliacha wazo hilo wakabaki na nyasi za asili, na sababu kubwa ilikuwa joto la kiangazi cha pale. Hao ni watu wazima wenye viatu vya gharama na daktari pembeni. Watoto wangu zaidi ya nusu wanacheza peku.

Mwili na mpira wenyewe

Miguu ya mchezaji wa besiboli Andre Dawson inaeleza mengi. Alicheza miaka kumi na moja Montreal, karibu yote juu ya zulia gumu lililotandikwa juu ya zege, magoti yakaharibika. Mwaka 1987 aliamua kuondoka akatafuta timu yenye nyasi za asili. Alikwenda kwa Chicago Cubs, ambao uwanja wao haujawahi kuwa na zulia, akawapa mkataba wenye nafasi ya mshahara iliyoachwa wazi wajaze wenyewe. Mtu alikubali kulipwa chochote ili mradi akanyage nyasi. Mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Lazima niwe mkweli hapa. Zulia lililomuumiza Dawson silo linalouzwa leo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nyasi bandia zimekuwa na majani marefu yaliyojazwa mchanga na chembe za raba, ni laini zaidi, na mpira haudundi juu kama ulivyokuwa unadunda zamani. Hata hivyo wachezaji wengi bado hawazipendi. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 kule Canada lilichezwa lote juu ya nyasi bandia, na kundi la wachezaji likiongozwa na Abby Wambach lilifungua malalamiko ya kisheria kulipinga. Kwa Kombe la Dunia la 2026, viwanja vya Marekani vyenye nyasi bandia vilitakiwa kuwekewa nyasi za asili kwa ajili ya mashindano. Na yeyote aliyewahi kuteleza kwa paja kwenye kapeti anaujua ule mchubuko: ngozi inatoka kama imepitishiwa msasa, na usiku shuka linagandia.

Ila tusilinganishe kapeti na nyasi ambazo hatuna. Kiwanja chetu mwezi wa nane ni udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Kipa wetu akiruka anashuka na kiwiko kinachotoka damu. Vijana wanaposema kapeti ni bora kuliko hali ya sasa, wanasema kweli tupu, na mzee atakayewabishia kwa hilo hajakaa golini.

Pale kapeti linaposhinda

Saa za kucheza. Hapa sina ubishi. Nyasi za asili huchoka. Zikichezewa mechi mbili tatu kwa wiki zinastahimili. Zikichezewa asubuhi na jioni kila siku, zinaanza kunyonyoka golini, kisha katikati, kisha njia yote ya winga. Kapeti unaweza kulichezea tangu alfajiri mpaka usiku kama kuna taa, na kesho yake liko vile vile.

Mvua pia. Kama chini kumewekwa kokoto na mabomba ya kupitisha maji ipasavyo, mvua kubwa ikikatika watu wanaingia uwanjani baada ya muda mfupi. Sisi mwezi wa nne tunapoteza wiki nzima kwa tope. Ndiyo maana Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana kule Mwanza vilitandikwa bandia, na siwalaumu waliofanya hivyo. Kiwanja kimoja cha mji kinachobeba ligi, mashindano ya shule na bonanza za kila taasisi kina hesabu yake. Kama swali lingekuwa juu ya kiwanja kidogo cha watu watano kwa watano pale Mwanga, kinacholipiwa kwa saa na kuchezwa jioni tu, ningesema tandikeni kapeti kesho.

Chetu si hicho. Chetu ni cha kata, kipimo kamili, shule mbili zinakitumia mchana, na jioni ni chetu.

Hesabu ya maji

Wanaotaka kapeti wanasema Kigoma kiangazi hakuna maji ya kumwagilia nyasi. Hoja hii niliipigia hesabu, maana kelele hazijibu.

Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Ukoka ili ubaki kijani kiangazi unataka kama milimita 25 za maji kwa wiki. Hiyo ni lita 178,500, yaani matangi 36 ya lita 5,000 kila wiki. Kuanzia katikati ya Mei hadi mvua zirudi Septemba ni wiki kama 17. Jumla inakaribia lita milioni 3. Ni mengi, na mahali ambapo mama anaamka saa kumi kufukuzia maji ya bomba siwezi kuyaomba kwa moyo mweupe.

Lakini si lazima kumwagilia kiwanja chote. Boksi mbili na duara la kati, sehemu zinazoumia kuliko zote, zina mita za mraba zisizofika 1,600. Hizo zinataka matangi 8 kwa wiki. Kisima kimoja chenye pampu ya sola kinayaweza, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kapeti. Kwingine acha ukoka ugeuke rangi ya kahawia. Haujafa. Mizizi na vitambaazi vyake viko chini vimelala, na mvua za kwanza zikinyesha unaamka wenyewe. Kila mkulima wa mahindi hapa anajua, kwa uchungu, jinsi ukoka usivyokubali kufa.

Ukoka wetu

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naona tunaudharau.

Zile nyasi nzuri mnazoziona kwenye viwanja vya besiboli vya majimbo ya joto ya Marekani, zile zilizonyolewa mistari ya kijani kibichi na kijani kilichopauka, nyingi ni ukoka. Si jamaa yake wa mbali, ni ukoo huo huo. Wanauita nyasi za Bermuda, lakini asili yake ni huku kwetu kwenye dunia ya zamani, Afrika ikiwemo. Aina inayopandwa sana, Tifway, ilitolewa mwaka 1960 kule Tifton, Georgia, nayo ni chotara wa ukoka wa kawaida na nduguye wa Afrika Kusini. Wenzetu wanalipa wataalamu kuutunza. Sisi tunaung'oa kwa jembe na kuutupa barabarani.

Nimeujaribu kwa mikono yangu. Mwaka juzi, mvua zilipoanza kushika, mimi na watoto tulikata vitambaazi vya ukoka kando ya barabara, tukajaza viroba vinne. Tulilima eneo la goli la upande wa mashariki tu, tukatia samadi iliyooza, tukachora mifereji iliyoachana shubiri moja. Kila kipande tulikikata kiwe na pingili tatu au nne, tukafukia pingili mbili, ncha tukaiacha nje, tukakanyaga kwa kisigino. Tukazungushia kamba na miba ya kuzuia mbuzi. Wiki mbili hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Wiki ya tatu pingili zikatoa majani madogo yaliyosimama kama sindano. Kufikia mwishoni mwa Januari udongo ulikuwa hauonekani, na kipa wetu alijirusha pale kwa mara ya kwanza bila kuangalia atakapoangukia.

Kosa letu lilikuwa kuondoa kamba mapema. Timu za wakubwa zilihamia goli lile kwa mazoezi kila jioni kwa sababu ndilo zuri, na mwezi wa saba katikati ya milingoti palikuwa na upara tena. Ukoka haukutuangusha. Ratiba ndiyo iliyotuangusha, pamoja na kukosa mtu mwenye jukumu la kusema leo hapana. Kiwanja cha nyasi kinataka mtunzaji wa kudumu anayelipwa, mwenye mashine ya kukatia na mamlaka ya kufunga goli moja kwa wiki tatu. Bila huyo mtu, nasema wazi, hela ya mfadhili itaota na kunyonyoka.

Wanaouza kapeti husema halina matunzo. Linayo. Linasuguliwa kwa brashi majani yasilale, chembe za raba zinaongezwa pale zilipopungua, maungio yanagundiwa upya. Baada ya miaka 8 hadi 10 limechakaa, na linatakiwa kung'olewa lote na kununuliwa jingine. Mfadhili hajaahidi la pili.

Kuna mchezaji wa besiboli, Dick Allen, anayekumbukwa kwa kauli kwamba kama farasi hawezi kuila, hataki kuichezea. Mzee mmoja kwenye kamati nilipomsimulia akasema badilisha farasi weka mbuzi, halafu iandike ukutani. Na kweli, nyasi zilizokatwa uwanjani zinachukuliwa na wafugaji siku hiyo hiyo. Mabaki ya kapeti anayachukua nani?

Ziwa

Nimeliacha hili hadi hapa kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi.

Kapeti la uwanja mzima wa mpira linaweza kumwagiwa zaidi ya tani 100 za chembe za raba, nyingi zikiwa tairi chakavu zilizosagwa. Chembe hizo hazikai. Zinatoka kwenye viatu na soksi, zinarushwa mpira unapodunda, zinabebwa na mvua. Watoto wangu waliporudi kutoka Mwanza niliwaambia wakung'ute viatu nje ya basi, na pale chini palibaki rundo jeusi la kujaza kiganja. Huo ni mchezo mmoja, watoto kumi na wanne.

Sasa uangalie mji wetu ulivyokaa. Kigoma ni mteremko. Maji ya mvua ya Mwanga na Gungu hayana pengine pa kwenda, yanashika makorongo yanaingia ziwani. Kiwanja chetu kiko juu ya korongo. Mvua kubwa moja ya Aprili na raba imefika majini. Na Tanganyika si mto unaojisafisha. Lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Kinachoingia, kimeingia. Dagaa tunaowaanika Kibirizi wanatafuta chakula chao ndani ya maji hayo hayo.

Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili. Mwaka 2023 ulipitisha katazo la kuuza plastiki ndogondogo, chembe hizi za viwanjani zikiwemo, na kwa chembe hizo katazo la kuuza linaanza kutumika 2031. Hofu yangu ni kwamba kitakachokataliwa kule kitatafuta bandari za huku kwa bei ya kutupa, na kitaletwa kwetu kikiitwa msaada.

Zipo chembe mbadala, za makumbi ya nazi yaliyosagwa au za gome la mti wa koki. Mkisisitiza kapeti, basi liwe la hizo, na mchoro wa mkandarasi uonyeshe ukuta na mtaro wenye shimo la kunasia taka kabla maji hayajafika korongoni. Bila mchoro huo kura yangu hampati.

Kura yangu

Ni ukoka. Mfadhili aombwe vitu vinne: kusawazisha kiwanja kiwe na mgongo kidogo katikati ili maji yatiririke pembeni, kisima chenye pampu ya sola na matangi, mashine ya kukatia nyasi, na mshahara wa mtunzaji kwa miaka mitatu. Fedha zitakazobaki, na zitabaki nyingi, zifanye kiwanja cha pili kidogo cha mazoezi nyuma ya shule, kiachwe udongo uliosawazishwa vizuri, ili kile kikubwa kipumzike. Tukiwa na viwanja viwili, ile hoja ya saa za kucheza inapoteza nusu ya nguvu yake.

Kikao ni Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Tukikubaliana, kusawazisha kuanze kabla mvua hazijaanza, maana ukoka ukipandwa baada ya Desemba haupati muda wa kushika kabla ya kiangazi. Vitambaazi vya kupanda nimeshavitafuta: viko kando ya barabara ya kushuka ziwani, vingi, na mwenye shamba lililo jirani ameniambia tuje na majembe siku yoyote, tutakuwa tumemsaidia.